Ng'ombe Aliyerudishwa

Habari ilimkuta Kostansia kanisani, na hilo ndilo lililomchoma kwanza. Habari yenyewe ilikuwa mbaya, lakini kibaya zaidi ni kwamba ilikuwa imezunguka kwa watu wote wa kwao walioko Louisville, Marekani, kabla ya kumfikia yeye aliyezaa. Ibada imekwisha, watu wamesimama nje penye magari wanapigana na upepo, mara mama mmoja mwenye kilemba cha njano akamshika mikono yote miwili.

"Mama Gisubizo, hongera! Mutoto anarudia kazi yako. Tumesikia anaenda kutengeneza polisi kule kwetu milimani."

Kostansia hakuonyesha kitu usoni. Alijibu, "Asante, Mungu ni mwema," kama mtu aliyejua zamani, akafunga koti mpaka kidevuni, akapanda gari la jirani aliyemleta. Alipofika kwake hakuvua hata viatu. Alimpigia mwanawe simu Columbus.

"Nasikia unaenda."

"Mama, nilitaka kukuambia uso kwa uso."

"Uso wangu uko Louisville, haujahama."

Akakata. Kisha akakaa kitandani na koti lake.

Huyu Kostansia watu wanamjua kwa kufua. Anafua mashuka katika nyumba moja ya kutunzia wazee, na mashine zile anazisemesha kama mbuzi wakorofi. Wasichana anaofanya nao kazi hawajui kwamba mwanamke huyu amewahi kuvaa buti za polisi. Lakini alizivaa. Vita ile ya kwao milimani ilipotulizwa kidogo, wageni wa nchi nyingi walipanda milimani na magari meupe, wakasema sasa itajengwa polisi mpya, polisi ya raia, si ile ya zamani ya kupiga watu na kuwanyang'anya. Na wakasema wanataka wanawake. Wanawake wa kijiji walicheka mpaka wakashika mbavu. Kostansia hakucheka. Alikuwa na mume, na mtoto wa kiume, na wa kike angali mgongoni. Shule aliigusa tu. Aliweza kuandika jina lake, na kusoma alisoma kwa kusukuma kidole chini ya maneno. Akaenda akajiandikisha. Akapewa buti, kofia ya bluu na filimbi. Bunduki hakupewa, wageni walisema polisi ya raia haihitaji kutisha watu.

Filimbi ndiyo ilikuwa kazi. Tangu zamani watu wa kule, hatari ikija, kila mmoja alishika njia yake kwenye msitu wa mianzi, wakatawanyika kama kwale, na adui akikuta nyumba tupu anachoma anaondoka. Wageni walisema hapana, huko ni kuishi kama wanyama. Filimbi ikilia, wote wakimbilie posti ya polisi, na wao watakuja na helikopta. Kostansia alizunguka nyumba kwa nyumba akifundisha hilo. Alikuwa mkali. Mzee asiyetaka kuelewa alirudiwa mpaka akaelewa.

Basi mchana mmoja wa ukungu wenye silaha wakapanda. Muhoza, komanda wa posti, akasema piga, na Kostansia akapiga. Watu walikuja. Walikuja wote kwa utii kama walivyofundishwa, mume wake akiwa mbele, mtoto wa kike kifuani. Helikopta haikuweza kupita kwenye ukungu, na wengi hawakutoka pale hai, mume na mtoto wakiwamo. Hayo si siri, kila mtu wa kule anayajua, na hakuna haja ya kuyachambua tena. Gisubizo alipona kwa sababu alikuwa malishoni na babu yake, upande wa pili wa mlima.

Sasa mtoto huyohuyo ndiye anataka kurudi kuvaa filimbi. Kostansia aliomba ruhusa kazini, akapanda basi la Columbus. Hakula njiani. Mwanamke wa kwao hatafuni mbele ya watu asiowajua, na yeye hata Marekani haijamfundisha. Alikuwa na maziwa ndani ya chupa ya chai, akayanywa chooni pale basi liliposimama Cincinnati.

Alipokewa na mkwe wake, Patricia, mzaliwa wa Kigoma, msichana mpole anayetamka kila neno mpaka mwisho.

"Shikamoo, mama. Pole na safari."

"Marahaba, Kiswahili ya redio. Bwana yako iko wapi?"

"Yuko nyumbani, mama. Anakuogopa."

"Anafanya vizuri."

Gisubizo alikuwa sebuleni, bado amevaa jaketi la ulinzi. Analinda ghala, nje ya mji. Alisimama akamkumbatia mama yake, na mama akajiacha akumbatiwe kama mti. Patricia akaleta chai akajiondoa.

"Bon," Kostansia akasema. "Eleza."

"Mama, wageni wamerudi kule. Hawa ni wengine, si wale. Wanataka kuanzisha polisi ya raia upya, na safari hii wanatafuta watu wa kwetu wenye kujua luga, tufundishe wenyewe. Nimekubaliwa."

"Ukae hapa na kazi yako."

"Kazi gani? Unajua nalinda nini kule kwa ghala? Viatu. Masanduku ya viatu. Miaka yote hii niko nalinda viatu ya watu."

"Viatu haziui mutu."

"Mama, habari ya filimbi naijua. Naijua kuliko Baba Yetu. Ndiyo maana nataka kwenda. Safari hii kutakuwa redio, kutakuwa barabara, magari yatafika posti."

"Na ukungu? Nao wameutengenezea barabara?"

Kijana akaweka kikombe chini. Ana kidevu cha mama yake, kile kinachotangulia mbele mtu akikasirika, na sasa videvu viwili vilikuwa vinatazamana juu ya vikombe vya chai.

"Nilishatoa neno langu," akasema. "Na Afande Muhoza ametoa lake. Walitaka mutu wa polisi ya zamani anisimamie, aseme huyu namujua. Akiondoa neno lake, safari inakufa. Yeye akisema nisiende, siendi, nakuapia. Lakini wewe kusema tu hapana, Mama, bila kuongeza kitu…"

"Hapana yangu inatosha."

"Haitoshi."

Jina la Muhoza lilikuwa halijatamkwa mbele ya Kostansia kwa muda mrefu. Komanda huyo alikuwa mzima, anaishi Buffalo, na katika kila msiba wa watu wa milimani unaokusanya watu wa Louisville na Columbus na Buffalo pamoja, wawili hawa walikaa pembe mbalimbali. Wasiojua mambo walidhani ni kwa sababu ya filimbi. Haikuwa filimbi. Muhoza aliamuru, yeye alipuliza, hapo hawadaiani. Ilikuwa ng'ombe.

Kostansia alipopata kofia ya bluu, baba yake alifurahi kwa namna ya kwao. Alichagua mtamba wake mzuri kuliko wote, mwekundu wa kukolea, jina lake Bihogo, akampelekea Muhoza. Kule mtu akikupa ng'ombe hajakununua. Amekufanya ndugu. Tangu siku hiyo hamnyimani, shida yako ni yake, na watoto wenu wataambiwa. Muhoza alimpokea Bihogo kwa mikono miwili akamwaga machozi. Lakini juma lililofuata mwalimu mmoja wa kigeni aliona ng'ombe nyuma ya posti, akauliza, akaambiwa, na akasema hiyo ni rushwa, polisi mpya haipokei zawadi ya raia yeyote. Muhoza akaagiza ng'ombe arudishwe.

Na kurudisha ng'ombe wa mtu, hakuna tusi linalozidi hilo. Ni kumwambia: damu yako siitaki.

Aliyetumwa kumrudisha alikuwa Kostansia. Angeweza kukataa. Alikuwa na kofia mpya na buti zinazong'aa, na alitaka wageni waone kwamba mwanamke naye anatii amri. Alishika kamba akamvuta Bihogo kuvuka mlima mpaka kwa baba yake. Mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi. Alitazama ng'ombe, akatazama kamba, akatazama buti.

"Umekuja kama nani?" akauliza.

"Kama polisi, baba."

"Basi polisi aende."

Kuanzia siku hiyo mpaka anakufa katika kambi ya wakimbizi Burundi, mzee yule alimlea mjukuu wake, alikula chakula alichopikiwa na binti yake, lakini hakumwita tena kwa jina. Alimwita Polisi. "Polisi, leta maji." "Polisi, mutoto analia." Watu walidhani ni mzaha.

Ndiye huyo Muhoza sasa aliyetakiwa kwenda kuombwa. Kostansia alilala juu ya jambo hilo, akaamka akasema, "Nipelekeni kwa basi." Patricia alitaka kumfungia wali na kuku. Akasema yeye ni wa maziwa, kuku wapewe wanaokula kuku.

Buffalo ilikuwa nyeupe, theluji imesukumwa pembeni ya barabara ikawa ukuta mchafu kupita kichwa cha mtu. Muhoza alikaa North Buffalo, orofa ya juu ya nyumba ya mbao. Kostansia alipanda ngazi akishika ukuta, akagonga kwa ngumi.

"Nani?"

"Fungua, si mwizi."

"Kostansia!" Sauti ilicheka nyuma ya mlango. "Ile sauti hata baridi ya huku haikuiweza."

Mlango ulichelewa kufunguka. Muhoza alikuwa mtu mkubwa, sasa ukubwa wote umeshuka miguuni, imevimba imejazwa ndani ya soksi za hospitali. Kiwanda alikofanya kazi kilimchosha mpaka kikamwacha. Chumba kilikuwa safi, kitanda kimetandikwa kwa kunyooshwa kama cha askari. Alimkalisha kiti kizuri, yeye akakaa juu ya kile kibovu, akamimina chai ya maziwa.

"Sikuja kunywa."

"Najua. Umekuja kwa sababu ya mutoto."

"Ondoa neno lako."

"Ametenda nini? Amekuwa mulevi?"

"Hanywi."

"Ameiba?"

"Mutoto wangu?"

"Donc, sasa nitawaambia nini wale watu? Kwamba nimeondoa neno kwa sababu gani?"

"Kwa sababu mama yake amekuomba."

Muhoza alizungusha kikombe chake mezani. Nje mtu alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, krr, krr, bila kuchoka.

"Hiyo ndiyo walitufundisha tusifanye," akasema. "Kumfanyia mutu kitu kwa sababu ni mutu wako."

"Walitufundisha mengi. Iko wapi? Posti iko wapi? Watu wako wapi?"

"Haiko. Yote haiko." Sauti yake haikupanda. "Wageni walifunga hema zao, mishahara ikakatika, vijana wetu wakauza buti. Yote imekufa, Kostansia. Katika yale yote imebaki kitu moja tu mikononi mwangu. Unajua ni nini?"

Kostansia alisogeza kikombe mbali.

"Nilirudisha Bihogo. Ukiniuliza kama kweli kulikuwa polisi mpya kule milimani, si mchezo wa wazungu, hicho ndicho ninaweza kukuonyesha. Nilimupenda baba yako kuliko ndugu wa tumbo moja. Nikamurudishia ng'ombe yake kwa sababu sheria ilisema. Alipokufa kule kambini nilikuwa kambini, ulijua? Nilisimama nyuma ya choo nikisikia mukiimba, kwa maana kwenye kaburi ningesimama kama nani? Sasa wewe unataka leo nivunje ile sheria, tena kwa mutoto ya nyumba ileile. Nikiivunja, basi nilimutukana mzee bure. Niachie hiyo moja."

"Ungeweka ile ng'ombe," Kostansia akasema, "leo usingeweza kuninyima."

"Kweli. Nisingeweza."

"Na mutoto wangu asingekwenda."

"Asingekwenda." Muhoza alimtazama kwa mara ya kwanza machoni. "Lakini mimi nilitoa amri tu. Kamba ilikuwa mikononi mwa nani?"

Kostansia alitazama mikono yake. Alijua huyu mzee habadiliki. Alijua kwa sababu yeye mwenyewe, angekuwa amekaa kile kiti kibovu, asingebadilika. Alisimama akatafuta glavu zake.

"Kunywa hata kidogo," Muhoza akasema. "Njia ni ndefu."

Chai ilikuwa ingali na mvuke. Hakuinywa. Alishuka ngazi akishika ukuta, na juu alimsikia mzee akijikokota mpaka dirishani. Hakugeuka.

Alirudi Columbus na uso ambao haukuhitaji kuulizwa. Gisubizo hakuuliza. Siku zilizobaki mama na mwana walikaa nyumba moja wakipishana kwa adabu, kama wapangaji. Jambo moja tu Kostansia alimwambia Patricia jikoni, kwa sauti ya kusikika mpaka sebuleni: "Kikombe nimekuja nacho. Lakini mkono wangu hautamimina."

Kikombe hicho ni cha mti, cha baba yake, cheusi kwa moshi wa kambi na wa kabla ya kambi. Kwao mtu hashiki safari kubwa bila kunywa maziwa ya mkono wa mzazi. Anayeondoka bila hayo ameondoka tu, kama mtu aliyefukuzwa.

Asubuhi ya safari watu wa kanisa walijaa sebuleni. Waliomba, waliimba, mchungaji alisoma. Begi lilikuwa mlangoni. Patricia alikuwa amenunua dumu la maziwa, ameliweka mezani karibu na kikombe, akarudi nyuma, na sasa kila mtu anatazama kila kitu isipokuwa Kostansia. Yeye alikaa kwenye kochi na koti lake, mkoba magotini, kama mwenye kusubiri basi.

Gari la kwenda uwanja wa ndege likapiga honi chini.

Gisubizo alikuja akapiga magoti mbele yake. "Mama, naenda."

Wimbo ukakatika. Kostansia alimtazama kijana, akatazama viatu vyake. Vilikuwa buti mpya, za kazi, zimefungwa vizuri.

"Unaondoka kama nani?"

Gisubizo alishtuka. Maneno hayo aliyajua. Babu yake alikuwa amemsimulia habari ya Bihogo mara nyingi, kule kambini, mzee akiwa hana ng'ombe mwingine wa kusimulia. Angeweza kusema, kama mtoto wako. Ingekuwa rahisi, na watu wangelia kwa furaha, na mama yake angemimina. Kidevu kilitangulia mbele.

"Kama polisi, Mama. Nimeshaweka sahihi yangu. Siwezi kukudanganya."

Patricia alifunika mdomo. Mchungaji aliangalia saa yake bila kuiona. Honi ililia tena.

Kostansia aliweka mkoba chini. Alisimama kwa kujisukuma, akaenda mezani, akafungua dumu, akamimina, mengine yakamwagika kwenye kitambaa. Alirudi na kikombe akakishika mbele ya uso wa mwanawe.

"Basi polisi anywe," akasema.

Akanywa. Alikunywa chote bila kupumua, akiwa amepiga magoti, mikono yake juu ya mikono ya mama. Alipomaliza, mdomo wake wa juu ulikuwa mweupe kama wa mtoto, na Kostansia akaufuta kwa kidole gumba. Gisubizo akasimama. Alibeba begi akashuka. Kostansia hakwenda dirishani. Alienda kuosha kikombe, akakiosha muda mrefu kuliko kilivyohitaji, na maji yalikuwa ya moto mpaka Patricia akaja kuufunga mfereji.

Alirudi Louisville kwenye mashuka yake. Jumapili watu walimpa hongera, na yeye akajibu Mungu ni mwema. Usiku wa kulala ulikuwa haupo sana, lakini hilo hakumwambia mtu.

Baadaye kidogo, siku moja akila peke yake kazini, simu ililia ndani ya aproni. Ilikuwa picha. Gisubizo amesimama mbele ya nyumba mpya ya mabati, pale palepale pa zamani, Kostansia alipajua kwa umbo la mlima nyuma. Kofia ya bluu. Karibu yake vijana wamepanga mstari, na msichana mmoja kati yao, mdogo, anacheka. Alivuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa, akatafuta shingoni. Kamba ilikuwepo. Filimbi iliangukia juu ya kifungo cha pili.

Alisukuma sahani mbali. Kisha akampigia mwanawe, na kwa bahati simu ikashika.

"Mama! Umeona? Watu wanakusalimia. Wazee bado wanakumbuka jina lako. Nimeanza kuzunguka nyumba kwa nyumba."

"Unawafundisha nini?"

 Ng'ombe alilia mbali, kwenye simu, na Kostansia akafumba macho.

"Wanajua tayari, Mama. Mengi wanajua."

"Huko kuna ukungu?"

"Nini? Sikusikii muzuri."

"Ukungu. Nimeuliza kama kuna ukungu."

"Kidogo tu, Mama," akasema mwanawe. "Asubuhi tu. Kidogo."